Mjomba Aliyesoma Hukumu



Tarehe 19 Septemba 2022 wengi wetu tulikaa mbele ya runinga tukitazama maziko ya Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza. Jeneza, farasi, askari wanaokwenda kwa hatua moja, kila jambo kwa dakika yake. Aliyeisimamia shughuli ile ni Duke wa Norfolk, kwa kuwa kazi ya kuongoza sherehe kubwa za taji ni ya kurithi katika ukoo wake, ukoo wa Howard. Mwaka uliofuata Mfalme Charles alipotawazwa, msimamizi akawa ni yeye tena. Huyo ni Duke wa 18. Mimi leo nimekuja kuwasimulia habari za Duke wa 3, babu yake wa enzi zile, Thomas Howard, aliyezaliwa mwaka 1473, akaishi chini ya wafalme sita, akafa mwaka 1554 katika utawala wa Malkia Mary.

Kila ninapoisoma habari ya mtu huyu nahisi kwamba Kiswahili kinamjua zaidi kuliko lugha yake mwenyewe. Waingereza wana neno moja tu la kumwita kaka wa mama, kaka wa baba, mume wa shangazi na mume wa mama mdogo. Kwetu kila mmoja ana jina lake, na kila jina lina mzigo wake. Mjomba ana lake la kufanya siku ya posa na siku ya msiba. Baba mkubwa ni baba, basi. Sasa mchukue Thomas Howard mmuweke katika maneno yetu. Dada yake Elizabeth alimzaa Anne Boleyn, mke wa pili wa Mfalme Henry wa Nane. Kwa hiyo Thomas alikuwa mjomba wa malkia. Mdogo wake Edmund alimzaa Catherine Howard, mke wa tano wa mfalme huyo huyo. Kwa hiyo kwa malkia huyu alikuwa baba mkubwa. Mke wake wa kwanza, Anne wa York, alikuwa binti wa Mfalme Edward wa Nne na mdogo wa mama yake Henry. Basi kwa mfalme mwenyewe Thomas alikuwa baba mdogo. Na binti yake Mary aliolewa na Henry Fitzroy, mtoto ambaye mfalme alimzaa nje ya ndoa. Mfalme na Thomas wakawa wakwe. Hapakuwa na mlango wa ikulu ambao mtu huyu hakuweza kuubisha kwa jina la undugu.

Ili tumwelewe inabidi turudi nyuma kidogo. Tarehe 22 Agosti 1485, katika uwanja wa vita wa Bosworth, babu yake, John Howard, Duke wa kwanza, aliuawa akimpigania Mfalme Richard wa Tatu. Upande wake ulishindwa. Mshindi, Henry Tudor, alimtia baba yake Thomas katika ngome ya Mnara wa London kwa zaidi ya miaka mitatu, na cheo cha Duke kikanyang'anywa. Thomas alikuwa na miaka 12 hivi. Mtoto wa umri huo huona na kukumbuka. Aliona nyumba kubwa ikiporomoka kwa siku moja kwa sababu mkubwa wake alisimama upande usiofaa. Kisha aliona jinsi baba yake alivyoijenga upya, tofali kwa tofali, kwa utumishi wa miaka karibu 30, mpaka vita vya Flodden mwezi Septemba 1513, ambapo baba aliliongoza jeshi, Thomas akawa mbele pamoja na kikosi chake, na mfalme wa Waskoti akafia pale pale. Mwaka uliofuata Henry wa Nane akawarudishia jina la Norfolk. Nadhani Thomas alilipata somo lake hapo: kwamba ukoo unaishi kwa pumzi ya mfalme, na mfalme akiacha kupuliza, ukoo umekufa.

Na baba yake alimwachia urithi mwingine mzito zaidi. Mwaka 1521 mfalme alimshtaki Duke wa Buckingham kwa uhaini. Buckingham alikuwa baba mkwe wa Thomas. Aliyewekwa kiti cha mbele kuongoza mahakama ya malodi alikuwa baba yake Thomas, yaani mkwe alikaa kumhukumu mkwe mwenzake. Mzee yule alisoma hukumu ya kifo huku akilia, na Buckingham akakatwa kichwa. Thomas siku hizo alikuwa Ireland kikazi. Kiti kile nakuombeni mkikumbuke, tutakirudia.

Binti wa Buckingham aliyeolewa na Thomas aliitwa Elizabeth Stafford, na huyu ndiye ninayemwonea uchungu kuliko wote. Mke wa kwanza wa Thomas alifariki mwaka 1511, na watoto wao wote walikufa wadogo. Thomas, karibu miaka 40, akaenda kwa Buckingham kutafuta mke. Elizabeth alikuwa na miaka 15 hivi. Alikuwa ameshapendana na kijana aliyelelewa nyumbani kwao, Ralph Neville, na wangeoana. Baba alijaribu kumpa Thomas mmoja wa mabinti wengine, Thomas akakataa: anamtaka huyu. Akampata.

Tunayajua haya kwa mkono wake mwenyewe, maana barua zake kwa Thomas Cromwell, waziri wa mfalme, zipo mpaka leo. Anaeleza kwamba alimzalia mumewe watoto watano, akamtumikia kwa uaminifu, na mume akamchukua Bess Holland, mwanamke ambaye kwa maneno ya Elizabeth alikuwa mfuaji wa nguo za watoto nyumbani mwake kwa miaka minane. Anasema alipopiga kelele kuhusu jambo hilo, wanawake wa nyumbani mwa Duke walimfunga na kumkalia kifuani mpaka akatema damu. Anasema alipokuwa amelala kitandani na uchungu wa kumzaa Mary, mumewe alimburura kwa nywele na kumjeruhi kichwani. Duke alikana, akaandika kwamba kovu lile lilitokana na daktari aliyemng'oa meno muda mrefu kabla. Mnamo 1534 Duke alisafiri usiku kucha mpaka nyumbani, akamfungia mkewe chumbani, akamnyang'anya vito na nguo zake. Kisha akampeleka kuishi Redbourn, mbali na kwake, kama mtu aliyehamishwa kijiji. Kaka yake mwenyewe, Lord Stafford, alikataa kumpokea, akisema maneno ya dada yake ni makali mno. Watoto walikwenda upande wa baba. Elizabeth aliandika kwamba hakuna mwanamke aliyezaa mwana na binti wasio na shukrani kama wake.

Mumewe alitaka amkubalie talaka. Akakataa. Miaka inapita, barua inakwenda, na kila barua inadai haki ile ile. Sijui mtu wa enzi zile aliyeandika kwa ujasiri wa namna hiyo dhidi ya mume mwenye nguvu namna hiyo, na akabaki hai.

Tena alikuwa na ujasiri mwingine. Mfalme alipoanza kumtupa mke wake wa kwanza, Catherine wa Aragon, ili amwoe Anne Boleyn, Elizabeth alisimama na Catherine, ingawa Anne alikuwa mpwa wa mumewe na yeye mwenyewe ni mkaza mjomba wake Anne. Mwaka 1530 alimpelekea Malkia Catherine zawadi ya kuku na chungwa, na ndani ya chungwa mlikuwa na barua ya siri. Mwaka 1533 Anne alipotawazwa, ukoo mzima ulikuwa kwenye shangwe. Mkaza mjomba hakuhudhuria.

Mumewe alikuwa kwenye shangwe. Miaka mitatu tu.

Tarehe 15 Mei 1536, katika ukumbi wa ngome ya Mnara wa London, Malkia Anne alifikishwa mbele ya malodi 26 kwa mashtaka ya uzinzi na uhaini. Wanahistoria wengi wanaona mashtaka yale yalitungwa. Na kwenye kiti cha mbele, kiti kile kile alichokalia baba yake miaka 15 kabla, aliketi Thomas Howard. Miguuni pake alikaa mwanawe, Henry, Earl wa Surrey. Malodi wakaulizwa mmoja mmoja, kila mmoja akajibu: ana hatia. Mjomba akasoma hukumu: achomwe moto au akatwe kichwa, vyovyote apendavyo mfalme. Waliokuwepo wanasema machozi yalimtoka. Kisha akaletwa George Boleyn, kaka yake Anne, naye pia ni mpwa wake, akahukumiwa siku hiyo hiyo. Tarehe 19 Anne aliuawa.

Nimeyafikiria sana machozi yale. Wako wanaosema ni ya unafiki. Mimi siamini hivyo. Naamini alilia kweli, kama baba yake alivyolia kweli, na hilo ndilo linaloniumiza. Mtu asiye na moyo hatushangazi akitenda ukatili. Huyu alikuwa nao, akaufungia nje wakati wa kazi. Wazee wetu wanasema mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe. Katika ukumbi ule mzaliwa nao alikuwa ndiye msomaji wa hukumu.

Miezi miwili na siku chache baadaye, Henry Fitzroy, mkwewe, akafa kwa ugonjwa wa kifua, kijana wa miaka 17. Mfalme akamwagiza Thomas amzike kimyakimya. Balozi wa Kaisari aliandika kwamba mwili ulisafirishwa kwenye gari lililofunikwa nyasi, na watu wawili tu wakifuata kwa mbali. Thomas akamzika Thetford, kwenye makaburi ya ukoo wake. Kumbe mfalme aligeuza nia, akakasirika kwamba mwanawe amezikwa bila heshima. Uvumi ukaenea kuwa Duke atatiwa ndani. Ndivyo ilivyokuwa kumtumikia Henry: amri ya leo ni kosa la kesho. Na Mary, mkazamwana wa mfalme, mjane wa miaka 17 hivi, akabaki miaka akidai fungu lake la ujane, huku mfalme akisema ndoa ile haikuwa ndoa kamili kwa kuwa vijana hawakuwahi kulala pamoja.

Kama mngetaka kumwona Thomas usoni, iko picha aliyochora Hans Holbein karibu mwaka 1539, inahifadhiwa Windsor. Uso mwembamba, midomo iliyobanwa, macho yasiyokwambia kitu. Mkono mmoja ameshika fimbo ya dhahabu ya msimamizi wa sherehe za taji, mkono wa pili fimbo nyeupe ya mweka hazina wa ufalme. Vidole vimezikamata fimbo zile kwa nguvu. Huwa najiuliza kama Holbein alikwishaona kile tunachokiona sisi.

Mwaka 1540 akapata ushindi mkubwa. Tarehe 10 Juni, ndani ya chumba cha baraza, alimnyofoa Cromwell mkufu wa heshima shingoni kwa mkono wake. Cromwell aliuawa tarehe 28 Julai, na siku hiyo hiyo mfalme, aliyekaribia miaka 50, alimwoa Catherine Howard. Catherine alikuwa kijana sana. Baba yake Edmund alikuwa maskini wa madeni, aliyekuwa akiwakimbia wadai, na alikuwa ameshakufa. Mtoto alilelewa katika nyumba ya mama wa kambo wa Thomas, Agnes, pamoja na wasichana wengi, bila mtu wa kuwatazama ipasavyo, na wanaume waliokuwa wakiingia nyumba ile, akiwemo mwalimu wake wa muziki, walimwingiza katika mambo ambayo leo tungewashtaki wao. Mambo hayo ndiyo yaliyofukuliwa mwaka 1541 na kumwangusha.

Ndipo Thomas akaandika barua kwa mfalme, mwezi Desemba, kutoka nyumbani kwake Kenninghall. Mama yake wa kambo, mdogo wake William na mkewe, pamoja na dada yake mmoja, wote walikuwa wamekamatwa. Hakuwaombea. Aliwataja mmoja mmoja kwa maneno ya kuwakana, akamkumbusha mfalme kwamba yeye mwenyewe alisaidia kufichua habari, na akalalamika juu ya matendo ya kuchukiza ya wapwa zake wawili. Wawili: Anne na Catherine, kwa neno lile moja la Kiingereza. Hapa ndipo ninapoishukuru lugha yangu. Catherine hakuwa mpwa. Catherine alikuwa binti wa ndugu yake wa tumbo moja na baba mmoja, yatima, na kwa kuhesabu kwetu ni mwanawe. Aliuawa tarehe 13 Februari 1542.

Miaka karibu mitano baadaye zamu ikafika mlangoni pake mwenyewe.

Mwanawe Surrey alikuwa mshairi hasa, mmoja wa wawili walioingiza umbo la soneti katika ushairi wa Kiingereza, na wa kwanza kuutungia mashairi yasiyo na vina. Alikuwa pia kijana wa kiburi, aliyewadharau watu wapya wa baraza la mfalme waliotoka katika koo ndogo. Mfalme alikuwa mgonjwa, mrithi mtoto wa miaka tisa, na kila mtu akipiga hesabu nani atashika usukani. Surrey akachora kwenye ngao yake alama za Mfalme Edward Muungamaji wa zamani. Wakasema: huyu anautaka ufalme. Tarehe 12 Desemba 1546 baba na mwana walitiwa ngomeni.

Maofisa watatu wakaendesha farasi mpaka Kenninghall, wakafika alfajiri. Mary na Bess Holland ndio kwanza walikuwa wameamka. Mary alitetemeka karibu azimie, kisha akapiga magoti. Wote wawili wakatoa ushahidi. Mary alisema kaka yake aliwahi kumshauri ajipendekeze kwa mfalme mpaka awe hawara yake, ili ukoo upate sauti, naye akamjibu kwamba ni afadhali ajikate koo. Kwa Elizabeth Stafford nako walifika, naye hakuwa na sababu ya kumficha mume. Jamani, nyumba ile! Wanawake wote ambao Thomas aliwageuza fedha ya kununulia mamlaka waliulizwa, na wakajibu.

Mwenyewe ngomeni aliandika kuomba shuka za kulalia na vitabu kutoka nyumba yake ya Lambeth, kwa kuwa miaka 12 alikuwa hapati usingizi asiposoma kwanza. Nilipolikuta ombi hilo mara ya kwanza nilikaa nalo kwa muda. Mzee wa miaka 73, anaomba kitabu.

Lakini tarehe 12 Januari 1547 alitia sahihi ungamo. Alikiri kwamba alijua na akaficha uhaini wa mwanawe katika jambo la alama zile. Kesho yake, tarehe 13, Surrey alisimamishwa mahakamani. Angejitetea vipi, ikiwa baba yake ameshaandika kwamba ni uhaini? Alikatwa kichwa tarehe 19. Zamu ya baba ilipangwa tarehe 28. Usiku wa kuamkia siku hiyo Mfalme Henry wa Nane akafariki, na wakubwa wa baraza hawakutaka kuufungua utawala mpya kwa damu. Thomas akaachwa pale pale ngomeni, zaidi ya miaka sita, enzi yote ya mfalme mtoto.

Mary yule aliyetoa ushahidi ndiye aliyewachukua watoto wa Surrey akawalea, akawatafutia mwalimu, John Foxe, ambaye baadaye alikuja kuwa mwandishi mashuhuri wa habari za Waprotestanti waliouawa kwa imani. Ndiye pia aliyeendelea kuhangaika baba yake atolewe. Thomas alitolewa mwezi Agosti 1553, Malkia Mary alipoingia London, na kabla ya mwezi kwisha alikuwa amekalia tena kile kiti, akimhukumu Duke wa Northumberland. Mwaka uliofuata, ana miaka 80, alipanda farasi kwenda kuzima uasi huko Kent. Askari wake wakahamia kwa waasi, akarudi mikono mitupu. Tarehe 25 Agosti 1554 alifia Kenninghall kitandani mwake. Katika wasia alimwachia Mary paundi 500, kwa gharama zake za kumpigania atoke kifungoni na kuwalea watoto wa Surrey.

Amezikwa Framlingham, Suffolk, kanisani, na Fitzroy, aliyehamishwa kutoka Thetford, yuko hapo hapo. Surrey aliletwa mwaka 1614 na mwanawe, na sanamu yake imelazwa pamoja na mkewe, ila taji lake la Earl halipo kichwani. Limewekwa pembeni, kwa kuwa kichwa kilikatwa.

Elizabeth Stafford hayupo nao. Aliishi mpaka tarehe 30 Novemba 1558, siku 13 baada ya binti wa Anne Boleyn kurithi kiti cha ufalme, akazikwa Lambeth. Maneno ya kaburini aliyatunga Lord Stafford, kaka yake yule aliyemfungia mlango. Aliandika kwamba kwake yeye, karibu na mbali, Elizabeth alikuwa mama, dada na rafiki.